Kumbikumbi wa Mvua ya Kwanza Bila Baba

Mabawa ya kumbikumbi hayafagiliki yakiwa makavu. Ukiyasukuma kwa fagio yanaruka yanakaa nyuma yako, na ukigeuka yanaruka tena. Lazima kwanza uyanyunyizie maji kidogo kwa mkono, kama mtu anayetaka kupiga nguo pasi, ndipo yakubali kwenda unakoyapeleka. Mwezi uliopita, asubuhi baada ya mvua ya kwanza, nilimsikia mlinzi wa ploti ninayopanga hapa mjini Wote akihangaika nayo kwenye ngazi. Fagio lilikuwa likienda shaa, shaa, na mabawa yakimrudia. Nilitoka na kikombe cha maji nikamwonyesha. Alishukuru, akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia nyumbani. Halafu nilirudi ndani nikakaa kitandani na kile kikombe mkononi, chai yangu ikapoa.

Yeye sikumweleza zaidi. Ninyi nitawaeleza.

Kwetu ni upande wa Matiliku, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, na mabati yake hayakukutana vizuri na ukuta. Baba aliijenga mwenyewe, na kila alipoulizwa kuhusu ule mwanya alijibu kwamba ni wa hewa. Ni kweli ulikuwa wa hewa, ila pia ulikuwa wa popo, wa vumbi la Septemba, na wa kumbikumbi. Kila mwaka mvua za Novemba zilipoanza, jioni ya kwanza au ya pili yake, walitoka vichuguuni kwa maelfu wakatafuta mwanga. Na mwanga uliokuwa karibu ulikuwa wetu.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Kumbikumbi wa kwanza akigonga kioo cha taa, alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na kila mmoja wetu alijua la kufanya. Mama alifunika moto wa jikoni kwa majivu. Mimi nilizima koroboi ya chumbani. Baba mwenyewe aliitoa nje ile taa ya chemni, akaitundika kwenye msumari mrefu chini ya paa la jikoni, na chini yake akaweka karai la maji. Wadudu waliigonga taa wakaanguka majini, na wakishaloa hawaruki tena. Sisi tulikaa ndani gizani. Sheria ilikuwa hiyo: hata njiti ya kiberiti isiwashwe mpaka wageni waishe.

Nililipenda giza lile. Baba alitutegea vitendawili, akisema "Kwata ndai" na sisi tukijibu "Nakwata," na kwa kuwa vingi alivitunga papo hapo, majibu yake hayakuwa na maana, na Mama alicheka mpaka akaomba tumwache apumue. Asubuhi karai lilikuwa limejaa. Mama aliwakaanga bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe, na chumvi kidogo. Kuku walikula waliobaki uani hadi wakashindwa kutembea, wakawa wamesimama tu kama wazee waliotoka harusini.

Baba alikufa mwezi wa Septemba nikiwa na miaka kumi. Ugonjwa wake sitausimulia, kwa sababu haukuwa mrefu na sikuruhusiwa kuuona mwingi. Ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba waliochimba kaburi walikuwa wakimwaga maji kwanza, wakingoja, kisha wakipiga sururu. Nakumbuka kwamba mchungaji alikuwa na kiatu kimoja chenye kamba nyeusi na kingine chenye kamba ya kahawia, nami nilivitazama viatu hivyo mwanzo wa ibada hadi mwisho. Mdogo wangu Mutua, aliyekuwa na miaka mitano, alilia hadi akatapika. Mimi sikulia.

Nilisifiwa kwa hilo. Mama mmoja wa kanisa alinishika kidevu mbele ya wenzake akasema mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima, Mungu amemtia nguvu ili amshike mama yake. Wengine wakaitikia. Kuanzia siku hiyo nikawa yule msichana shupavu wa marehemu, na kila aliyekuja kutupa pole alimtazama Mutua kwa huruma na kunitazama mimi kwa heshima. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu zozote. Sikuhisi kitu. Mnajua mguu unavyokuwa ukiukalia kwa muda mrefu, unauona ni wako lakini ukiugusa haukwambii neno. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilichota maji, nikaenda shule, nikamwosha Mutua, nikarudi nikalala.

Mama naye hakulia, angalau si mbele yetu. Wiki za kwanza alifanya kazi zake zote, kisha akaanza kuziacha moja moja. Alikuwa akibandika muthokoi wa mahindi jikoni na kukaa akiutazama ukiungua. Ukimwambia unaungua, alisema, "Ni sawa." Ukimwambia chumvi imekwisha, ni sawa. Mwalimu alimwita shuleni kumwambia kwamba Mutua anajikojolea darasani, na Mama akamjibu kwa adabu kwamba ni sawa.

Aliyekuja mara nyingi zaidi ya wote alikuwa Auntie Ndinda, dada yake Baba, mwenye hoteli ya chai na chapati kule Emali karibu na barabara kuu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa kanisani, na mwenye mkono wazi. Hakuwahi kuja bila unga na sukari. Mara ya tatu alisema lililokuwa moyoni mwake. Alitaka kumchukua Mutua akae naye Emali, asome huko, mpaka Mama apate nguvu. Kwa kuwa mimi ni mkubwa na ni shupavu, ningebaki kumsaidia Mama. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa ameiona nyumba ikituinamia, akaona aokoe anayeweza kubebeka.

Mama alisema ni sawa. Auntie angemjia Jumamosi shule zikishafungwa.

Mutua alikuwa halali bila kulishika sikio langu. Si mkono, si nguo, ni sikio la kushoto, na ukimtoa kabla hajazama usingizini alianza upya. Nilifikiria jambo hilo nilipokuwa nikikunja nguo zake, suruali mbili, shati la kanisani, sweta lililokuwa langu. Nilijiuliza Emali atashika sikio la nani. Nilijua pia kwamba akiondoka, nyumbani tutabaki watu wawili tusiosema. Niliyajua hayo yote vizuri kabisa. Nikazikunja nguo, pembe kwa pembe, nikaziweka kwenye mfuko wa safari, na mikono yangu haikutetemeka.

Mvua ilinyesha Ijumaa, kubwa, ya kupiga mabati hadi mtu asimsikie mwenzake. Jumamosi Auntie alifika jua likizama, viatu mkononi, matope hadi magotini. Gari lililomleta lilikuwa limekwama kabla ya mto na ilibidi alale kwetu, waondoke asubuhi. Alinawa miguu, akapewa chai, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha Baba bila kujua, au labda akijua. Mutua alisimama nyuma yangu. Taa ya chemni ilikuwa mezani. Mama alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani.

Kumbikumbi wa kwanza aligonga kioo, akaanguka, akaanza kuzunguka mezani kwa mgongo.

Hakuna aliyesema mgeni njoo. Nilimtazama Mama. Alikuwa anamtazama yule mdudu. Akaja wa pili, wa tano, kisha hawakuhesabika. Walipita kwenye ule mwanya wa mabati kama maji, wakajaa kuzunguka taa, wakaingia ndani ya chai ya Auntie, kwenye nywele, shingoni. Sauti yao si kubwa. Ni kama watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili, na inazidi na kuzidi.

Auntie alikuwa ameshazoea stima na dari. Aliruka kutoka kitini akaamuru mlango ufungwe, dirisha lifungwe, matambaa yaletwe. Aliziba chini ya mlango kwa kanga yake nzuri, ile ya kusafiria, akiwa ameiacha taa ikiwaka katikati ya meza, ikiwaita. Alichukua ndara akapiga ukuta, akapiga meza, akapiga mgongo wake mwenyewe. Baba angecheka hadi akae chini. Mimi niliona kwamba ni jambo la kuchekesha, kama mtu anavyoona kwamba leo ni Jumanne.

Nilimwambia Mama, "Mwaitu, tutoe taa." Kwetu ndivyo tunavyomwita mama. Mdudu mmoja alikuwa akitembea juu ya mkono wake, ameshadondosha mabawa, na mwingine akimfuata nyuma mkia kwa kichwa, jinsi wanavyofanya wakishatua. Mama aliwaacha wapite hadi kiwikoni. Ningeweza kuichukua taa mimi, msumari tu ndio ningeshindwa kuufikia. Lakini taa ile haikuwahi kutolewa na mtu mwingine ila Baba, nami nilikaa nikingoja kama vile kuna mtu angetoka chumbani aje aitoe.

Kisha mmoja akaingia sikioni mwa Mutua. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Auntie alimshika, akamlaza ubavu, akamwagia chai iliyokuwa vuguvugu sikioni, na mdudu akatoka. Mutua aliendelea kupiga kelele hata baada ya hapo, akiniangalia mimi.

Hapo ndipo Mama alisimama. Aliichukua taa kwa kishikio, akaikanyaga ile kanga, akafungua mlango akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona akikipindua kinu cha kutwangia, akakipanda, akajinyoosha, na taa ikashika msumari. Alirudi kuchukua karai, akalijaza maji kutoka mtungini, akaliweka. Wadudu walikuwa wamemfunika mgongo wote. Akaingia, akafunga, na nyumba ikawa giza.

Tulikaa pale pale tulipokuwa. Taratibu ile minong'ono ikahama, ikawa nje, na ndani zikabaki pumzi zetu na miguu midogo ikitembea juu ya meza. Mutua alipapasa hadi akalipata sikio langu. Sikumwona Mama, sikumwona Auntie, wala mkono wangu mwenyewe. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu bila kitendawili.

"Ndinda," Mama alisema. "Mutua hataenda."

Auntie alikohoa. Alisema kwa upole kwamba walishakubaliana, kwamba mtoto ni mdogo, ona hata leo, kwamba Mama Mwikali ajipe nafasi ya kupona.

"Huyu akitoka hapa atakufa," Mama alisema. "Ukitaka kunisaidia, nenda na Mwikali."

Mwikali ni mimi, na hilo halikuwa limewahi kutajwa. Sauti yake ilikuwa tambarare, ile ile ya ni sawa. Nadhani Auntie alikuwa akifikiria nani atachota maji sasa, nani atapika. Alikuwa anajua kwamba Mama anaitoa mikono yake mwenyewe.

"Mwikali," Mama akaniita.

"Mwaitu."

"Utaenda na auntie?"

"Nitaenda."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Mama hakusema kitu. Aliendelea kutosema kitu hata nikadhani amelala palepale kitini. Mimi nilikuwa nimekaa wima, sikio langu likiwa mkononi mwa Mutua, na kifuani mwangu hakukuwa na chochote, hata hofu. Nilisikia mdudu mmoja akigonga ukuta, akianguka, akipanda tena. Mwishowe Mama akasema, "Haya," na baada ya hapo Auntie akaomba kwa sauti ndogo, sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, tukaenda kulala bila kuwasha kitu.

Asubuhi nilinyunyiza maji nikafagia mabawa. Yalijaa debe. Mama aliwakaanga kumbikumbi wa karai, akawapepeta kwa ungo, akanijazia mkebe mmoja wa kusafiri nao. Nguo za Mutua zilitolewa mfukoni, zangu zikaingia. Mutua alipogundua kinachoendelea alinifuata hadi mtoni, Mama akiwa amemshika mkono, na alipolia Mama alimbeba. Mimi nilipungia mkono. Auntie alinisifu njiani kwamba sijawapa kazi.

Emali nilitendewa vema, na ninalisema hili ili Auntie, ambaye yuko hai na bado anapika chapati, asije akasikitika. Nilisoma, nilikula nikashiba, nilifundishwa kazi. Ule mkebe niliuweka chini ya kitanda nikala kumbikumbi watatu wanne kila jioni, kwa kuhesabu, ili wasiishe. Bila shaka waliisha. Bandubandu huisha gogo. Siku moja katika wiki ya tatu nilitoka shuleni nikaukuta mkebe juu ya kabati la hoteli, umeoshwa kwa sabuni, umetiwa majani ya chai. Nikaunusa. Ulinuka majani ya chai. Basi nililia. Nililia kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya sikio langu, kwa ajili ya viatu vya mchungaji, nikalia mpaka wateja wakaziacha chapati zao na dereva mmoja wa lori akauliza kama nimeungua. Auntie alidhani ni mkebe ninaoutaka. Aliyamwaga majani ya chai akanirudishia, akanipa na soda. Hakumpelekea Mama habari, kwa kuwa mtoto kulilia mkebe si habari.

Nilikaa Emali hadi nikamaliza sekondari. Likizo nilienda nyumbani nikapokelewa kama mgeni, nikapewa kikombe kizuri. Mama alikuwa amerudi kidogo kidogo, akapanda, akavuna, akacheka. Mutua aliacha kushika masikio ya watu. Na mimi, nikiwatazama wakitaniana juu ya mambo yaliyotokea nikiwa sipo, nilijua jambo moja kwa hakika, kama ninavyolijua jina langu: kwamba mama yangu alilazimika kuchagua mmoja, na akamchagua Mutua. Sikumchukia. Nililibeba tu, kama unavyobeba kitu ulichopewa ukiambiwa kwamba wewe ni mwenye nguvu.

Baada ya asubuhi ile ya mlinzi na fagio lake, nilienda nyumbani Jumapili. Tulikaa barazani baada ya ibada, Mama na mimi, tukipukusa mbaazi. Nilimuuliza. Sikuwa nimepanga. Nilimuuliza kwa nini mimi.

Hakuuliza nasema kuhusu nini. Aliendelea kupukusa maganda mawili matatu.

"Nilikuwa nimeshasema ndiyo kwa Mutua, halafu nikaona siwezi," akasema. "Na kuwakatalia nyote wawili nilishindwa, sikuwa na nguvu za kulea hata kuku. Nikasema nikuulize wewe. Nilikuuliza nikasikiliza. Si unakumbuka nilikaa? Nilikuwa nasikiliza. Nilisema huyu akilia, hata kidogo, hata akivuta kamasi tu, hakuna mtu wangu anayetoka hapa. Tutakufa njaa pamoja." Alitupa ganda. "Hukulia. Nikajua wewe utapona popote."

Nilipokuwa mtoto nilidhani mtu asiyelia ni mtu asiyeumia, na sikushangaa kwamba watu wazima nao walidhani hivyo. Kinachonishangaza sasa ni kwamba hata Mama alidhani hivyo, yeye aliyekuwa gizani mule mule, amekauka macho miezi miwili, akisema ni sawa kwa kila kitu. Sisi wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja, na hakuna aliyeweza kuujua kwa mwenzake. Alitega sikio kusikia sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Nikamwambia kwamba nililia. Aliniuliza lini. Nikamwambia Emali, wiki ya tatu, nikamweleza habari za mkebe.

"Wiki tatu," Mama akasema. Mbaazi zilikuwa zimesimama mkononi mwake. "Mwikali, wiki tatu ningengoja."

Nilimwambia haidhuru, ni mambo ya zamani, nilipona. Nililisema vizuri, bila kutetemeka, na macho makavu. Safari hii hakuniamini.